Binti wa miaka 14 na pampu ya insulini: nani achague, na aangalie nini?

Swali: Binti yangu ana miaka 14 na ana kisukari aina ya kwanza tangu alipokuwa na miaka 9. Daktari wake amesema sasa anafaa kuanza pampu, akatupa aina tatu tuchague. Mimi nimesoma sana na nimeipenda moja yenye mrija, kwa kuwa nasikia inarekebisha sukari yenyewe vizuri zaidi. Yeye hataki hata kuisikia. Anataka ile inayobandikwa mwilini bila mrija, na akiikosa anasema bora abaki na kalamu zake za kuchomea insulini. Baba yake anasema mtoto ni mtoto, sisi wazazi ndio tuamue. Nani aamue, na tuangalie nini hasa?

Mama, nianze na jibu lenyewe kisha nieleze sababu. Binti yako ndiye achague, ila achague ndani ya mipaka mtakayoiweka ninyi wazazi pamoja na daktari wake. Mipaka hiyo ni michache, lakini haina mjadala. Ikishawekwa, yote yanayobaki yawe yake: mrija au bila mrija, ikae tumboni au mkononi, ilie au itetemeke. Yeye ndiye atakayelala nayo, atakayevaa nguo juu yake na atakayeulizwa na wenzake kile ni nini.

Sisemi hivi ili adekezwe. Nimewahudumia vijana wenye kisukari kwa miaka mingi, na pampu ninazozikuta zimelala kabatini karibu zote zilichaguliwa na mtu asiyezivaa. Kijana asiyeipenda pampu yake hagombani na mtu. Anainyamazia tu. Ataacha kubonyeza dozi ya chakula akiwa mbele ya wenzake, atazima milio, ataivua kabla ya kutoka nyumbani na kuirudisha jioni. Kompyuta iliyomo ndani, hata iwe na akili kiasi gani, haiwezi kumsaidia mtu ambaye hakuivaa. Kwa hiyo unapopima hii na ile, swali la kwanza liwe ipi atakuwa ameivaa saa saba mchana siku ambayo wewe hupo. Ipi ina hesabu kali zaidi ni swali linalofuata.

Hapo hapo, baba yake hakukosea kabisa. Mtoto wa miaka 14 haoni mbali kama mzazi, wala hatakiwi kubebeshwa uamuzi wa hatari peke yake. Ndiyo maana nikasema mipaka.

Kabla ya mipaka, tukubaliane pampu inafanya nini, maana matarajio yasiyo sahihi ndiyo yanayoharibu miezi ya mwanzo. Kwa kalamu, binti yako anachoma insulini ya muda mrefu mara moja au mbili kwa siku, na ya haraka kila anapokula. Pampu hutumia ya haraka peke yake. Huidondosha kidogo kidogo mchana na usiku kuziba nafasi ya ile ya muda mrefu, na akila yeye huiambia itoe dozi ya chakula. Pampu za sasa husoma pia kihisi cha sukari kilichobandikwa kwenye ngozi, na kila baada ya dakika chache huongeza au kupunguza yale matone kulingana na sukari inakoelekea. Sukari ikielekea kushuka, zinajizuia. Ikielekea kupanda, zinaongeza. Usiku ndipo faida inapoonekana zaidi, na wazazi wengi huniambia wameanza kulala tena baada ya miaka.

Kitu kimoja ambacho karibu pampu zote bado haziwezi ni kujua kwamba mtu anakula. Insulini iliyowekwa chini ya ngozi huchelewa kuanza kazi, na kihisi nacho husoma sukari ya majimaji yaliyo kati ya seli, ambayo hufuata ile ya damu kwa kuchelewa dakika kadhaa. Mpaka mashine itambue kuwa sukari inapanda, chakula kimeshatangulia. Kwa hiyo mkono wa binti bado unahitajika kila mlo, tena ikiwezekana dakika 10 hadi 20 kabla ya kuanza kula. Hili nitalirudia, kwa kuwa kwa umri wake ndilo lenye uzito kuliko tofauti zote za kampuni.

Sasa mipaka.

Wa kwanza ni ujazo wa insulini, na wazazi wengi hawausikii mpaka wameshachelewa. Wakati wa kubalehe, homoni ya ukuaji na homoni nyingine huufanya mwili kuikaidi insulini. Mtoto aliyekuwa anatosheka na chini ya uniti 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku hupita hapo, na wengine hufika uniti 1.5 au zaidi. Wala si kosa la mtu, ni mwili unakua. Chukua mfano. Leo ana kilo 50 na anatumia uniti 50 kwa siku. Siku tatu ni uniti 150, na pampu ya kubandika inayobeba uniti 200, kama Omnipod 5, inamtosha bila shida. Mwaka ujao ana kilo 58 na mahitaji yamepanda hadi uniti 1.3 kwa kilo. Hizo ni kama uniti 75 kwa siku, yaani 225 kwa siku tatu. Kile kifaa ambacho kingedumu siku tatu sasa kitaisha kabla, huenda katikati ya usiku au katikati ya mtihani, na vile mlivyopewa kwa mwezi vitaisha mapema. Pampu zenye mrija kama t:slim X2 ya Tandem na MiniMed 780G ya Medtronic hubeba hadi uniti 300. YpsoPump ni ndogo na nyepesi sana, vijana huipenda, lakini hubeba uniti 160. Usiikatae pampu ndogo kwa hesabu hii peke yake. Mwambie daktari akadirie mahitaji ya miaka miwili ijayo, kisha muulize mtaongezewaje vifaa akianza kukimaliza kifaa kwa siku mbili na nusu. Likiwepo jibu la maandishi, mpaka huu umevukwa.

Wa pili ni kihisi. Pampu haizungumzi na kila kihisi. Kila moja ina orodha yake fupi, na orodha hiyo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kama binti yako tayari ana kihisi anachokivumilia, ngozi haimwashi na kinasoma vizuri, anza na pampu zinazokubaliana nacho. Kama hana, avae kwanza kihisi peke yake kwa wiki kadhaa. Kuna vijana ambao gundi huwachubua ngozi, na kuna wasiovumilia vifaa viwili mwilini kwa wakati mmoja. Ni afadhali kulijua hilo mapema.

Wa tatu ni upatikanaji wa vifaa, na hapa nakuomba uwe mkali. Mashine yenyewe mara nyingi mtapewa kwa makubaliano ya miaka kadhaa, kwa kawaida minne. Kinachotumika kila siku ni kanula (kale kamrija kafupi kanakoingia chini ya ngozi), mirija, vihifadhi vya insulini, vihisi na betri. Uliza nani anavileta, vinachukua siku ngapi kufika, bima au mfuko wa matibabu unalipia vingapi, na kanula ikitoka kabla ya wakati nani anaifidia. Uliza pia kuna nani wa kumpigia simu usiku, anayejibu kwa lugha mnayoielewa. Kampuni nazo huja na kuondoka. Mwaka 2017 Johnson & Johnson ilitangaza kufunga biashara ya pampu za Animas, na maelfu ya watu wakalazimika kuhamia pampu nyingine. Sikutishi. Nasema tu kwamba pampu ya wastani yenye vifaa vya uhakika na wauguzi wanaoijua ni bora kuliko pampu ya hali ya juu ambayo kliniki yenu haijawahi kuifungua.

Wa nne ni kwamba mashine iwe imeidhinishwa kwa umri wake na kwa aina ya insulini anayotumia. Hili daktari atalijibu kwa dakika moja, kwa hiyo muulize tu.

Hapo ndipo mipaka inapoishia. Pampu ikishavuka hayo manne, muachie yeye.

Najua bado una swali moyoni, kwamba ile yenye mrija inarekebisha sukari vizuri zaidi. Kuna tofauti za kweli za utendaji, na nitakuonyesha. MiniMed 780G inaweza kuwekewa lengo la sukari la chini hadi miligramu 100 kwa desilita, yaani milimoli 5.5 kwa lita, na hutoa yenyewe dozi ndogo za marekebisho, za kuishusha sukari iliyopanda, hata kila dakika tano ikiona inafaa. Control-IQ, programu inayoiongoza t:slim X2 ya Tandem, hubadilisha matone na pia hutoa dozi ya marekebisho, lakini si zaidi ya mara moja kwa saa. Omnipod 5 haina dozi kubwa ya marekebisho ya kujitolea yenyewe. Hufanya kazi yote kwa kuongeza na kupunguza matone madogo, na unaweza kuiwekea malengo tofauti kwa saa tofauti za siku. CamAPS FX ni programu ya simu iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, hufanya kazi na pampu kama YpsoPump, nayo huendelea kujifunza mahitaji ya mtu kadiri siku zinavyokwenda. Kuna na iLet ya Beta Bionics, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa watoto kuanzia miaka 6. Hiyo huanza kwa kujua uzito wa mtu tu, na wakati wa kula kijana haihesabii gramu za wanga. Huiambia kwamba mlo huu ni wa kawaida, ni mkubwa kuliko kawaida au ni mdogo. Kwa kijana aliyechoka kabisa na hesabu, hilo si jambo dogo, ingawa anayependa kudhibiti kila namba ataona kama amenyang'anywa usukani.

Lakini angalia kinachotokea kwenye maisha. Chukua kijana anayebonyeza dozi ya milo yake mingi kwenye mfumo wowote kati ya hiyo, na mwingine mwenye mfumo mkali kuliko yote anayesahau mlo mmoja kila siku. Yule wa kwanza ndiye nitakayetarajia kumkuta na sukari nzuri zaidi. Mfumo mkali humpunguzia adhabu anayesahau, hilo ni kweli, na kama daktari ameona binti yako anaruka dozi nyingi za mchana ni sababu ya haki ya kumshawishi auangalie kwa makini. Mshawishi kwa kumwonyesha. Kumlazimisha hakutasaidia.

Sasa tuje kwenye mrija, maana ndiko vita ilipo. Pampu yenye mrija huning'inizwa kwenye mkanda, mfukoni au kwenye sidiria, na mrija mwembamba huingia kwenye kanula iliyobandikwa tumboni, pajani, juu ya makalio au nyuma ya mkono. Faida yake kubwa haionekani dukani: hufunguka. Akitaka kuoga, kucheza mchezo wa kugongana, au akitaka tu nusu saa ya kutovaa kitu, anaichomoa, inabaki kanula bapa. Kanula ikiharibika anatupa kanula, na insulini iliyomo kwenye hifadhi inabaki. Hasara yake ni kwamba mrija hunasa kwenye vitasa vya milango, na gauni lisilo na mfuko huwa tatizo la kila asubuhi. Pampu ya kubandika haina cha kunasa na huvaliwa majini. Omnipod 5 imetengenezwa kuvumilia kina cha mita 7.6 kwa dakika 60. Lakini haivuliwi. Ipo mwilini siku zote tatu, inatokeza chini ya nguo inayobana, na ikishindwa kufanya kazi hutupwa nzima pamoja na insulini iliyobaki ndani. Tena huendeshwa kwa simu au kwa kifaa cha pembeni. Kikipotea au kikiisha chaji, matone yanaendelea, ila dozi ya chakula haitoki.

Kwa hiyo usimuulize binti yako anapenda ipi. Muulize maswali ya siku yake. Unalala kwa upande gani? Unacheza nini, na kocha anaruhusu nini? Sare yako ina mfuko? Shuleni simu inaruhusiwa darasani au inafungiwa ofisini? Hili la mwisho limeshavuruga mipango mingi, kwani pampu inayotegemea simu katika shule inayokataza simu inahitaji barua ya daktari na mazungumzo na mwalimu mkuu kabla ya siku ya kwanza. Kisha mwombe muuguzi wa kliniki awape vifaa vya kuvaa bila insulini, au vyenye maji ya chumvi, avae kila aina kwa siku tatu nyumbani na shuleni. Nimewaona wasichana walioapa hawataki mrija wakarudi wanautaka, na walioulilia wakarudi wanausukuma mbali. Mwili unajua kitu ambacho picha haziwezi kukwambia. Na wewe mama, vaa moja pamoja naye. Haitamdhuru mtu, na utajifunza kwa nini anakasirika ikinasa.

Kuna jambo la ngozi ambalo huulizwa mara chache. Kanula hubadilishwa kila siku mbili au tatu, na mahali pake pahamishwe kila mara. Anayechoma pale pale kwa kuwa hapaumi atapata uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, na insulini ikiingia pale hufyonzwa ovyo, leo haraka, kesho polepole. Mwombe daktari apapase sehemu anazochoma kalamu sasa hivi, kabla hata ya pampu. Kama ni mwembamba, ulizeni kuhusu kanula fupi, au ya kuingia kwa mshazari, au ya sindano ndogo ya chuma ambayo haijikunji, ingawa ya chuma hubadilishwa kila baada ya siku mbili. Kwenye pampu ya kubandika kanula huja imepangwa tayari, huchagui.

Sasa nisikilize kwa makini kwenye hili, maana ndilo la usalama. Nilisema pampu hutumia insulini ya haraka tu. Maana yake mwilini hakuna akiba. Kanula ikijikunja, mrija ukiziba au kifaa kikibanduka, ndani ya saa chache mwili unabaki bila insulini kabisa na kuanza kutengeneza ketoni, yaani kemikali zinazotokana na kuchoma mafuta badala ya sukari. Ketoni zikizidi, damu inakuwa na asidi, na mtoto anaweza kupoteza maisha. Anayetumia kalamu ana insulini ya muda mrefu inayomshikilia kwa muda. Wa pampu hana. Kwa hiyo kanuni ambayo familia yote iikariri ni hii: sukari ikipita milimoli 14, yaani miligramu 250, na isishuke baada ya dozi ya marekebisho, pimeni ketoni za damu. Zikiwa milimoli 0.6 au zaidi, dozi ya marekebisho ipigwe kwa kalamu, isipitie kwenye pampu, kisha ndipo kanula au kifaa kizima kibadilishwe, na anywe maji kwa wingi. Zikifika 1.5 pigeni simu kliniki. Zikifika 3, au akianza kutapika au kupumua kwa haraka na kwa kina, ni hospitali wakati huo huo. Msiitafute hitilafu ya mashine huku mtoto akisubiri. Sindano kwanza.

Mtihani wangu kwa kijana anayetaka pampu uko hapa. Siangalii kama anajua hesabu zote za wanga. Naangalia kama anaweza kunieleza, kwa maneno yake, atafanya nini kanula ikijikunja saa nane usiku. Akiweza, yuko tayari. Asipoweza, tunasubiri wiki mbili tunafundishana, pampu haikimbii.

Ndani ya begi lake kuwe na kalamu ya insulini ya haraka isiyopitwa na wakati, kipima sukari cha damu, vipande vya kupimia ketoni, kanula au kifaa cha akiba, na kitu kitamu cha kupandisha sukari. Nyumbani kuwe na insulini ya muda mrefu kwenye jokofu, na karatasi yenye dozi yake iliyoandikwa na daktari, ili pampu ikifa kabisa mrudi kwenye kalamu usiku huo huo bila kukisia. Andikeni pia mipangilio yote ya pampu kwenye karatasi. Mashine mpya ikija huja tupu, na kumbukumbu ya mtu aliyechanganyikiwa si ya kuitegemea.

Mambo mawili ya kila siku yatawashangaza, nayataja kwa kuwa hayamo kwenye mazoea yenu ya kalamu. Sukari ikishuka, atahitaji kitu kitamu kidogo kuliko zamani, mara nyingi gramu 5 hadi 10 zinatosha, kwa kuwa mashine ilishapunguza insulini kabla. Akila kama alivyozoea, sukari itaruka juu na ataidhania pampu mbovu. La pili ni dozi iliyosahaulika. Akikumbuka saa nzima baada ya kula, asipige dozi yote ya chakula, maana mashine imekuwa ikiongeza insulini muda wote huo na zikikutana atashuka vibaya. Aachie mfumo urekebishe, au apige kile ambacho kikokotoo kinapendekeza kwa sukari tu. Kliniki iwape kanuni yao kamili kwa mfumo mtakaochukua.

Milio nayo ina sumu yake. Weka michache tu mwanzoni: ya sukari iliyoshuka sana, ya insulini kutokwenda, na ya sukari iliyokaa juu kwa muda mrefu. Mlio wa kila namba humfanya kijana azime yote. Usiku akilalia kihisi kinaweza kusoma chini kwa uongo, kwa hiyo kabla ya kumwamsha na kumpa sukari, mgeuze, na kama kuna shaka pima kidoleni.

Mifumo mingi itakuwezesha wewe kuona sukari yake kwenye simu yako popote ulipo. Ni baraka kwako, na kwake inaweza kuwa kama kufuatwa na jicho siku nzima. Kabla ya kuiwasha, kaeni mkubaliane. Kwa mfano: mama ataona, lakini hatapiga wala kuandika ila sukari ikiwa chini ya kiwango fulani kwa dakika 15 bila yeye kujibu, au ikiwa juu kwa saa mbili. Na akirudi nyumbani, swali la kwanza liwe la siku yake ilivyokwenda. Namba zingoje. Kijana anayejua kwamba kila namba mbaya italeta hotuba atatafuta njia ya kuificha namba, na hapo mtakuwa mmepoteza kilicho bora kuliko pampu.

Kuna jambo nyeti, nalisema taratibu. Kwa wasichana wa umri huu, na wavulana pia, insulini ikianza kufanya kazi vizuri uzito unaweza kuongezeka kidogo, kwa sababu sukari haipotei tena kwenye mkojo. Wapo wanaogundua kwamba kupunguza insulini kunapunguza uzito, wakaanza kuifanya siri. Ukiona anakwepa kupimwa uzito, sukari inapanda bila maelezo na mashine inaonyesha dozi zikirukwa kwa makusudi, usimkaripie. Mwambie daktari, ombeni mtu wa ushauri nasaha anayejua kisukari. Hali hiyo inatibika, na inatibika vizuri zaidi ikiwahiwa.

Na akishikilia kwamba anataka kubaki na kalamu? Mwache abaki nazo, kwa sasa. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotoa matokeo yake mwaka 1993, uliowahusisha watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza kuanzia umri wa miaka 13, ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa karibu hupunguza sana madhara ya macho, figo na mishipa ya fahamu. Waliodhibitiwa kwa karibu hawakuwa wa pampu peke yao. Wengine walikuwa wakijichoma sindano tatu au zaidi kwa siku. Kalamu pamoja na kihisi kizuri ni matibabu kamili. Wekeni tarehe ya kulizungumza tena, labda baada ya miezi mitatu, na katikati msimsumbue.

Akianza, msihukumu mapema. Wiki za kwanza mipangilio hubadilishwa mara kwa mara, na kwa kijana anayebalehe itabadilishwa tena kila baada ya miezi michache. Kipimo tunachokiangalia ni sehemu ya siku ambayo sukari imekaa kati ya milimoli 3.9 na 10, yaani miligramu 70 hadi 180. Lengo la kawaida ni zaidi ya asilimia 70, na chini ya asilimia 4 iwe chini ya 3.9. Kama leo yuko asilimia 45 na baada ya miezi miwili akafika 58, hayo ni mafanikio, na ayasikie kutoka kwako.

Siku ya kliniki, nendeni na vitu vitatu: rekodi ya insulini anayotumia kwa siku kwa wiki mbili zilizopita, uzito wake wa sasa, na maswali aliyoyaandika yeye kwa mkono wake. Mwombe daktari azungumze naye peke yake dakika chache, kisha nawe peke yako. Akishataja anayoitaka, muulize daktari mbele yake: hiyo imevuka yale manne? Ikiwa ndiyo, saini.